Vimondo 43, mkeka wa mama mkwe sifuri

Basi bwana Desemba ilee nikajifanya mtaalamu wa anga. Nimesoma kwenye simu kwamba usiku wa kuamkia tarehe 14 ndo vimondo vya Mapacha, lile kundi la nyota, vinamiminika, na bahati ilivyo njema mwezi ndo kwanza umeandama, giza totoro. Nikabeba mashemeji zangu wawili, chupa ya chai ya tangawizi, kapu la vitumbua na mkeka mpya wa mama mkwe, niliouomba kwa heshima zote, huyooo Mwambani ufukweni, mbali na taa za Tanga mjini.

Nikawaambia zimeni simu, macho yanataka kama nusu saa kuzoea giza. Wakanuna, wakazima. Saa sita ikapita vikaanza, kimoja, viwili, halafu kimoja kikubwaaa kikapasua anga mpaka upande wa Pemba, shemeji mdogo akaruka "Astaghfirullah!" maana wao wamekua wakijua hicho ni kijinga cha moto anatupiwa shetani anayedukua habari za mbinguni. Mimi na somo langu: hiyo wala sio nyota, ni vumbi, punje kama ya mchanga huu tuliolalia, inaingia hewani kwa kilomita 35 kila sekunde, yaani hapa mpaka Pangani hujamaliza kupiga chafya, inaungua hukohuko juu karibu kilomita 100, kwisha habari yake. Vimondo vingi vumbi lake linamwagwa na nyotamkia lakini hivi vya Mapacha vimetoka kwenye jiwe linaitwa Phaethon, limegunduliwa 1983, linapita karibu na jua kuliko hata sayari ya Utaridi, sasa dunia kila Desemba inakatiza kwenye vumbi lake ndo tunaona fataki.

Shemeji mkubwa akauliza vitumbua vimebaki vingapi.

Nikahesabu vimondo 43. Saa nane nikasema nafumba jicho moja tu.

Nikaota nimekojoa kitandani, mgongo mzima chepechepe, nikaona aibu humohumo ndotoni. Kufumbua macho, bahari! Kandambili moja inaelekea Pemba, chupa ya chai inaifuata. Mashemeji walishakimbia mbu zamani wamelala kule juu kwenye minazi. Mimi nikainuka kwa pupa, kosa kubwa hilo, maana uzito wangu ndo ulikuwa umeshikilia mkeka. Wimbi moja tu likaukunja likaondoka nao kama lilikuwa limetumwa.

Mzee mmoja anatoka kuvua dagaa akanikuta maji ya kiuno napapasa gizani. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Unatafuta nini?" Nikamweleza, mpaka Phaethon nikaitaja. Akanisikiliza vizuri kabisa, akasema, "Mwanangu, giza la mwezi umeliangalia, bamvua hukuliangalia?" Kumbe mwezi ukiandama unavuta bahari upande mmoja na jua, maji yanajaa kupita kiasi, na huku kwetu bamvua linajaa mida hiyohiyo ya saa kumi alfajiri. Watoto wa pale wote wanajua.

Asubuhi nikapiga magoti kwa mama mkwe.

"Mkeka wangu umechukuliwa na hivyo vimondo?"

"Hapana mama, na mwezi."

"Mwezi upi? Si ulisema jana hakuna mwezi?"