Mbwa aliemliza bibi yangu

Bibi yangu wa Wete alikuwa hataki kumuona mbwa hata kwa dawa. Mbwa akipita nyuma ya banda la kuku yeye keshaokota jiwe, na ukimuuliza kwani kafanya nini atakwambia akikulamba huyo uoshe mara saba na moja iwe kwa udongo, haya maji nani atakwenda kuyachota, wewe? Sasa bibi huyo huyo, jamani, nilimuona kwa macho yangu analia kwa ajili ya mbwa. Analia khasa, kanga kaiziba mdomoni.

Ilikuwa ile picha ya Kihindi ya 1985, Teri Meherbaniyan, ami kaja na mkanda kutoka Unguja na deki ya kuazima, na nusu ya mtaa imejaa ukumbini kwetu. Jackie Shroff ndie steringi lakini wapi, anauliwa na Amrish Puri na watu wake na picha bado mbichi, sie watoto tukabaki tunaangaliana maana tunavojua steringi hafi. Kumbe steringi ni mbwa! Moti. Anaanza kuwasaka maadui mmoja mmoja, hasemi neno, anaangalia tu na wewe unajua huyu leo hapati usingizi. Bibi Kihindi hajui hata kuomba maji, lakini na Moti nae hajui, kwa hiyo wakaelewana vizuri sana.

Asubuhi yake mbwa kapita nyuma ya banda, jiwe. Nikamwambia bibi, si jana tu ulikuwa unalia? Akanijibu, "Yule Moti. Huyu ana uMoti gani?"

Mie tokea siku ile nina kipimo changu cha hawa wahusika wasio watu, na nakitumia mpaka leo. Kwanza asiongee. Pili awe kiumbe ambae kwako kwa kawaida humtaki, yaani ungemuona mlangoni ungetafuta fagio. Akiweza kukufanya umuombee dua kwa hali hiyo basi huyo ndie, wengine wote ni mapambo. Ramu yule tembo wa Rajesh Khanna kwenye Haathi Mere Saathi ya 1971 namkubali ingawa kipimo cha pili anakiponyoka, Unguja na Pemba tembo tutamfukuzia wapi, lakini waulize wazee waliokuwa wakenda sinema enzi za Majestic na Cine Afrique, ukimtaja tu Ramu alivyoingia mbele ya risasi isimpate bwana wake wananyamaza kidogo halafu wanaomba kahawa nyengine.

Anaeshinda wote kwa kipimo changu ni nzi. Ndio, nzi. Ile picha ya Rajamouli ya 2012, Eega, wengine tuliiona kwa Kihindi kwa jina la Makkhi: kijana anauliwa na tajiri anaemtaka mchumba wake, anazaliwa upya nzi, halafu yule nzi anamtesa yule tajiri mpaka mtu mzima anakaribia kuvaa wazimu, hajui alale wapi. Nenda Darajani pale kwenye samaki uone nzi wanavyopigwa makuti, halafu mie mtu mzima na ndevu zangu nimekaa kwenye kochi nampigia nzi makofi, namwambia mwingie sikioni huyo! Mke wangu akatoka jikoni kuja kuangalia kuna nini, akakaa na yeye, wali ukaungua. Ule ndio uhusika. Hana mdomo wa kueleza uchungu wake, ana mbawa na hasira tu.

Jadoo, yule kiumbe wa kutoka angani wa Koi Mil Gaya (2003), watoto wetu wanampenda kuliko wote na mie simchukii, kwanza ananichekesha na ile habari ya nguvu zake kutoka kwenye jua, maana angeshukia huku kwetu mwezi wa pili angenenepa, tabu ingekuja masika tu. Tuffy yule mbwa mweupe wa Hum Aapke Hain Koun namheshimu kwa kazi moja, kupeleka barua kwa mtu asiekusudiwa na harusi nzima ikageuka.

Sasa papa. Hapa nitagombana na watu. Jaws ya 1975 wenzetu waliiogopa wakawa hawaendi kuoga bahari, mie mara ya kwanza kumuona yule papa nilimpigia hesabu ya ng'onda, angetoka vipande vingapi na nazi ngapi hahaha. Lakini nilikuja kumpenda baadae nilipojua yule ni mashine, na ile mashine ilikuwa kila wakiitia baharini inaharibika kwa maji ya chumvi (hili mvuvi yeyote wa Malindi angewaambia bure), ikabidi Spielberg afiche papa wake karibu picha nzima, unaona mapipa tu yanakimbia juu ya maji. Ubovu wa mashine ndio uliompa yule papa heshima. Angekuwa mzima tungemuona kila dakika tukamzoea.

Kinachonitoa roho ni hawa wanyama wa kompyuta wanaopayuka. Lion King ile ya kuchora ya 1994 sawa, nyuso zilikuwa na maisha, ile ya 2019 simba ni simba wa kweli kabisa lakini anaongea na uso umekaza kama kapigwa ganzi. Na sie wa Kiswahili tuna tabu yetu ya ziada, simba anaitwa Simba, ni sawa na mie nizae mtoto nimwite Mtu. Fisi kapewa jina la Shenzi, hapo sina ugomvi nao.

Kwa kipimo changu steringi yupo hapa hapa na hakuna aliempa picha yake: kima punju wa msitu wa Jozani, Unguja. Jina lenyewe punju ni sumu, wenye mashamba walikuwa wakimlaumu kwa kila mti uliokauka. Haongei. Anakula majani ya mkungu na ya muembe halafu anakwenda kuokota makaa anayatafuna kuua sumu iliyomo kwenye yale majani. Mtu mzima kakaa kwenye tawi na kipande cha kaa mkononi, anakuangalia tu. Kamera iwekwe pale, muziki usipigwe, na mwenye tanuri la makaa aje asubuhi ahisabu yaliyobaki.