Mchicha haumwagiliwi saa saba usiku

Simu ilimlilia mama mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, saa saba usiku. Akadhani msiba. Akawasha taa, akatafuta miwani, akakuta ujumbe: "Muda wa kumwagilia mchicha wako umefika!" Pembeni kuna jani la kijani linatabasamu.

Asubuhi yake nilipofika kwake na daftari langu, shikamoo yangu aliipokea nusu nusu. "Mwanangu, hiyo programu yenu inaniamsha usiku wa manane nikamwagilie mboga. Majirani wakiniona na ndoo saa ile, utawaeleza wewe kwamba mimi si mchawi?"

Kosa lilikuwa letu. Mama alichagua "1:00 asubuhi", yaani saa moja, jua limeshachomoza. Aliyetafsiri programu alikuta AM kwenye saa ya Kizungu, akaandika "asubuhi", akaona kazi imekwisha. Simu ikatii ilivyoambiwa: kwake 1:00 AM ni saa saba usiku.

Mimi ni mbunifu, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikihangaika na sura na mwenendo wa programu ya simu ya watu wanaolima mboga uani. Mteja simtaji. Ninachoweza kusema ni kwamba vikao vyetu vingi viliishia kwenye nembo: jani moja au mawili, kijani cha mgomba au kijani cha limau. Kuhusu saa hatukukaa hata kikao kimoja. Na yule mama, ukimuuliza leo chapa yetu ni nini, hatakutajia jani. Atakwambia ni wale walioniamsha.

Kijani chenyewe nacho kina lawama. Toka nje saa sita mchana, ushike simu ya bei ya kawaida yenye kioo kilichopasuka, halafu usome maandishi meupe juu ya kijani cha limau. Husomi kitu. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wote unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Yetu hayakukaribia. Vitufe navyo vilikuwa vidogo, kana kwamba mtu anayetoka kupalilia ana vidole vya kushonea shanga. Nilipendekeza maandishi meusi juu ya rangi ya mchanga, na vitufe vya kubonyezwa hata kwa kidole gumba chenye tope. Nikaambiwa haina mvuto.

Shida kubwa ilianzia kwenye mfano tuliopewa tuuige, programu ya Marekani, nzuri kwa watu wake. Swali lake la kwanza ni lini sakitu ya mwisho, ile baridi inayogandisha umande na kuua mimea, huanguka kwenu. Kwao lina maana: Wizara ya Kilimo ya Marekani ina ramani ya kanda 13, zilizopangwa kwa wastani wa baridi kali kuliko zote ya kila mwaka, na watu huchagua mimea kwa kuifuata. Sasa liulize Mbagala. (Watu wa Makete, kule milimani kwenye baridi, wataniambia sakitu wanaijua, na ni kweli. Wao tutawawekea swali lao.) Kwa wengi wetu kinachoamua ni maji. Dar es Salaam kuna masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Dodoma msimu ni mmoja, wa kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Swali la kwanza lingekuwa "Uko wapi?", na la pili "Maji unayapata wapi: bomba, kisima, au unanunua kwa ndoo?" Anayenunua kwa ndoo hahitaji kukumbushwa kumwagilia. Anataka kuambiwa atandaze majani makavu kwenye udongo ili maji yake yasikauke.

Mfano huo ulikuja pia na mchezo wa kuhesabu siku ulizomwagilia mfululizo, ukiruka siku moja unaanza upya. Aprili, mvua ya wiki nzima, mchicha unaogelea, na programu inamwambia mama wa watu: "Usikate tamaa! Umekosa siku 4." Mvua ikinyesha, programu ya bustani ikae kimya.

Na kuna kuvuna. Kwenye mfano ule kila mmea ulikwenda mbegu, mche, ua, tunda, kisha hongera na maputo, basi. Matembele hayana habari hiyo. Unachomeka marando, unachuma, yanachipua, unachuma tena. Mchicha wa kung'oa unauvuna baada ya wiki tatu au nne, ukitaka unamwaga mbegu nyingine pale pale. Sukuma wiki unachuma jani la chini miezi na miezi. Sasa mtu anaombwa tarehe aliyopanda mbegu za matembele, afanye nini? Wengi waliandika tarehe yoyote ili wapite. Sisi tukakaa tunasoma takwimu za uongo tulioulazimisha wenyewe.

Jambo lililonifungua macho ni kisoda. Programu iliandika "weka gramu 5 za mbolea kwa kila shina". Mama alinitazama tu. Hana mizani ya dhahabu. Akainama, akaokota kizibo cha soda mchangani, akachota mbolea, akamwaga pembeni ya shina la nyanya, akahamia la pili. Hivyo ndivyo hata maafisa ugani wanavyofundisha, kisoda kimoja kwa shina. Samadi ni kwa debe. Tukabadilisha vipimo vyote, na maswali ya "sijaelewa" yakapungua kuliko kwa kitu kingine chochote tulichowahi kufanya.

Kuhusu jina la programu, nakiri kosa langu. Nililipigania "Tuta". Fupi, la Kiswahili, na kila anayelima mboga analo. Mwenzangu akanikumbusha matuta ya barabarani, nikampuuza. Afisa ugani mmoja ndiye aliyenimaliza, tena kwa kicheko: "Mnaiita jina la kantangaze?" Kantangaze ni yule kiwavi anayemaliza nyanya, na jina lake la kisayansi lililozoeleka ni Tuta absoluta. Nikafunga kompyuta. Ila tazama wakulima walivyomtaja huyo mdudu: kanitangaze, nenda ukanitangaze. Jina lenye kitisho na kejeli ndani yake, na hakuna aliyelipwa kulibuni.

Wapo waliofanya vizuri. Nuru, programu ya simu ya mradi wa PlantVillage, iliyotoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania State cha Marekani kwa kushirikiana na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, inachunguza magonjwa ya muhogo kwa kamera ya simu. Inaongea Kiswahili, na inafanya kazi hata bando likiwa limekwisha. Jina halihitaji maelezo: unamulika jani, unapata nuru. Kwangu hiyo ina thamani kuliko mabadiliko yote ya rangi tuliyoyafanya miezi yote hiyo.

Saa tumeshairekebisha. Sasa mtu anachagua alfajiri, asubuhi au jioni, na kuna mstari unaoandika "saa 1 asubuhi, jua limechomoza". Mama amenisamehe, amenipa na fungu la matembele.

Jina bado. Wiki iliyopita nilikuwa uani kwake, jirani akapita akauliza: "Ndiyo ile ya kisoda?" Mama akaitikia, "Ndiyo hii hii." Usiku huo nikachora kizibo cha soda, meno yake ishirini na moja, chembe za mbolea katikati, nikamtumia mteja. Alama mbili za bluu zimeshatokea. Jibu halijaja.