Kijana wa miaka 19 naye asikilizwe kabla ya kufungwa maisha

Mwaka 2012, katika kesi ya Miller dhidi ya Alabama, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza kifungo cha lazima cha maisha bila parole, yaani bila nafasi ya bodi kumpima mfungwa na kumwachia kwa masharti, kwa aliyeua kabla ya kutimiza miaka 18. Lazima kwanza umri na hali yake vipimwe. Uamuzi huo haukumgusa aliyefikisha miaka 18 siku moja kabla ya tukio. Vijana wawili, mmoja wa miaka 17 na mwingine wa 18, wakienda pamoja kupora na mtu akauawa, mdogo anasikilizwa. Mkubwa, katika majimbo mengi, anakutana na adhabu ambayo jaji hana ruhusa ya kuipunguza.

Wanaoitetea sheria hii hawazungumzi ovyo. Mtu wa miaka 18 anapiga kura na kushika silaha jeshini. Kwa nini akiua ahurumiwe kama mtoto? Na kila bodi ya parole inapokaa, ndugu wa marehemu huusimulia msiba wao upya. Uchungu huo hauna hoja ya kuufuta.

Lakini wanaoipinga hueleweka vibaya, kana kwamba wanaomba wauaji wafunguliwe milango. Wengi wao wanaomba jaji aruhusiwe kuuliza: nani alifyatua risasi, na nani alikuwa akingoja nje kwenye gari? Nani alitumwa na wakubwa wake? Akishauliza, bado anaweza kutoa kifungo kile kile. Jimbo la Massachusetts ndilo lililokwenda mbali zaidi: Januari 2024 mahakama yake ya juu, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ilifuta kabisa maisha bila parole kwa wenye miaka 18 hadi 20. Mahakama ya juu ya jimbo la Michigan iliondoa ulazima wa adhabu hiyo kwa wa miaka 18 mwaka 2022, kisha kwa wa 19 na 20 mwaka 2025.

Takwimu moja siachi kuirudia. Huko Philadelphia watafiti waliwafuatilia watu 174 waliokuwa wamefungwa maisha kwa makosa ya utotoni, kisha wakaachiwa. Kufikia ripoti ya 2020, waliotiwa hatiani tena walikuwa wawili. Naam, wawili. Ina udhaifu wake: hawakufuatiliwa kwa muda mrefu, waliua wakiwa chini ya miaka 18, walichujwa na bodi, tena walitoka wakiwa watu wazima sana. Hata hivyo, huo mchujo na hiyo miaka ndivyo vinavyodaiwa hapa. Maisha bila parole huvizuia vyote viwili. Kuhusu umri, sehemu ya ubongo inayozuia papara huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Hakuna kinachogeuka usiku wa kuamkia miaka 18.

Kama shida ni familia kuitwa mara kwa mara, kikao cha kwanza kicheleweshwe miaka mingi, na vinavyofuata viachane kwa mbali. Hapo ningekubali hata muda mrefu kuliko wanavyopenda watetezi wa wafungwa. Ila mtu wa miaka 45 kunyimwa hata kikao kimoja, kwa sababu ya alichofanya akiwa na miaka 19, siwezi kukubali.