Msiisingizie lugha ya Kithai

Kuna kauli inayonikera kila ninapoisikia: kwamba Kimalei cha Patani, kule kusini mwa Thailand, ni Kimalei kilichoharibiwa na Kithai. Anayeitoa huwa amesikia maneno mawili matatu tu, “make” badala ya “makan” (kula) na “ike” badala ya “ikan” (samaki), na papo hapo ameshampata mshitakiwa.

Basi na avuke mto Golok aingie Kelantan, jimbo la Malaysia, ambayo mkataba wa mwaka 1909 uliikabidhi kwa Waingereza huku Patani ikibaki mikononi mwa Siam, yaani Thailand ya leo. Huko nako atasikia “make” na “ike” zilezile. Isitoshe, Kithai chenyewe kina maneno tele yanayoishia na n. Kingepata faida gani kwa kuwanyang’anya jirani zake n yao?

Utamu wa lahaja hii umo katika uundaji wa maneno. Viambishi awali na urudufu (kulirudia neno mara mbili), ambavyo Kimalei sanifu huvitamka kikamilifu, Wapatani wamevimeza, na alama inayobaki ni konsonanti ya kwanza kurefuka. “Jale” ni njia, lakini “jjale”, yaani “berjalan”, ni kutembea. “Make” ni kula na “mmake” ni kuliwa. “Labo” ni kupata faida, ilhali “llabo”, kutokana na “labah-labah”, ni buibui. Sisi tunaotofautisha mea na mmea tunaweza kuifuata m hiyo bila taabu, lakini vipi kuhusu k? “Katok” ni kupiga na “kkatok” ni chura, na mtu anapoanza kusema, urefu wa k ni kimya kitupu, kwa kuwa pumzi imezibwa. Arthur Abramson, mwanafonetiki Mmarekani aliyelichunguza suala hili kuanzia miaka ya 1980, alionyesha kwamba msikilizaji husaidiwa na silabi ya kwanza, ambayo hutamkwa kwa nguvu zaidi na kwa kidatu, yaani kiwango cha sauti, cha juu kidogo. Huo ndio uharibifu wenyewe! Tena Kithai hakirefushi konsonanti mwanzoni mwa neno, kwa hiyo kimekopesha mali isiyo yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba msamiati wa shule na ofisi za serikali umejaa Kithai, hasa vinywani mwa vijana. Lakini mwaka 2006 tume ya taifa ya maridhiano ilipopendekeza Kimalei cha Patani kiwe lugha ya kazi katika mikoa hiyo, Prem Tinsulanonda, mwenyekiti wa baraza la washauri wa mfalme, alipinga hadharani. Mtoto anayefundishwa kila somo kwa Kithai mlitaka autaje mtihani kwa lugha gani?