Kuzibua mshipa ni ghali, na kupooza je?

Nikizungumza na ndugu zangu wa Tanga kuhusu kiharusi, jibu ni lile lile: hayo matibabu ya Ulaya ya kuzibua mshipa wa ubongo sisi hatuyawezi. Siwalaumu. Daktari anaingiza mpira mwembamba kwenye mshipa wa kinena, anaupandisha mpaka kichwani, halafu analinasa donge la damu lililoziba mshipa kwa kiwavu cha waya au kulifyonza. Vifaa hivyo ni vya kutumia mara moja na kutupa, na timu nzima huamshwa usiku wa manane. Hata mimi niliye Birmingham nikiyasikia naiona bili.

Lakini Waingereza hawakuyakubali kwa kuwa wana hela za kuchezea. Hawa huuliza kwanza mwaka mmoja wa maisha yenye afya unapatikana kwa kiasi gani, na kwa miaka mingi ukomo wao ulikuwa paundi 20,000 hadi 30,000. Mwaka 2015 zilitoka tafiti tano za wagonjwa walioziba mishipa mikubwa ya ubongo. Zilipounganishwa, ilionekana kwamba kati ya kila watu watatu hivi wanaozibuliwa, mmoja hubaki na ulemavu mdogo kuliko ambao angekuwa nao. Wachumi wakapiga hesabu, gharama ikaangukia chini ya ukomo.

Siri ni kwamba hapa aliyepooza ana gharama inayoandikwa. Walezi wa kuja nyumbani kumwogesha, kitanda cha kupandisha na kushusha, nyumba ya wazee: sehemu kubwa huishia kwenye vitabu vya halmashauri na NHS, huduma ya afya ya serikali.

Kwetu analipa nani? Binti. Anafunga genge lake la nyanya, anarudi kumuuguza mama. Pampasi za watu wazima, bajaji ya kwenda mazoezini, kuamka usiku kumgeuza asitoke vidonda vya mgongo. Hakuna ofisi inayoyajumlisha hayo, ndiyo maana tiba inaonekana ghali na kupooza kunaonekana bure. Bima zetu nazo huhesabu bili ya hospitali tu.

Sisemi kila mkoa ununue mtambo wa kuzibua mishipa. Hata hapa, zipo hospitali ambazo kwa miaka mingi huduma hii zilikuwa nayo mchana tu. Mimi ningeanza na CT scan inayosomwa saa nane za usiku, kwa sababu bila hiyo daktari hajui kama ni donge au mshipa umepasuka, na dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Kisha kituo kimoja au viwili vya kuzibua, vyenye wataalamu wa kutosha kupokezana zamu.

Na vidonge vya presha kabla ya vyote. Hivyo ni rahisi kuliko chochote nilichokitaja, na mjomba wangu bado anavimeza siku kichwa kikimuuma tu.