Kuku Asiye na Paja

Kwenye mlango wa friji yetu kuna karatasi imebandikwa. Jumatatu: wali, mchuzi wa kuku. Jumanne: chapati, kuku. Jumatano: tambi, kuku. Alhamisi: katlesi za kuku. Ijumaa imeandikwa "tutaona", na mimi mwenzenu kuanzia Jumatatu asubuhi naisubiri hiyo tutaona.

Haya yote kaleta simu. Mama watoto alikuwa anapika vizuri tu mpaka alipoanza kuangalia video za wanawake wenye majiko meupe pee, wanaosema dada yangu usiteseke jikoni kila siku, andaa Jumapili moja mle wiki nzima. Na kupika kwenyewe hawapiki! Wanakwenda supamaketi wananunua kuku aliyekwishaiva, wanamchambua, wanamgawa kwenye makopo, wanafunika, wanatabasamu. Nikamwambia mke wangu, hao nyumba zao hazina shemeji. Akanitazama jicho moja tu, nikaenda kuoga.

Basi Jumapili mchana natumwa mimi. Kule supamaketi kuna mashine ya kioo, kuku wamechomekwa kwenye vyuma wanazunguka polepole, mafuta ya wa juu yanamdondokea wa chini. Unasimama pale na kikapu chako unawatazama mpaka unajisahau. Kuku wa kisasa, hao; wanachinjwa wakiwa na wiki 5 au 6, mwezi wa pili wengine hawaumalizi. Wawili shilingi 30,000 na kitu, na mfuko unalipia. Zamani ungepewa nailoni mbili za bure, lakini tangu marufuku ya 2019 tunabeba huo mfuko wa kitambaa ambao mafuta yanapita kwa raha zake. Ukipanda bodaboda ukampakata kuku, mpaka unafika Kimara suruali imeiva. Na dereva naye harufu imemfikia, anageuza shingo: "Mzee, leo kuna sherehe?" Sherehe gani, ndugu yangu. Huyu ni kuku wa Alhamisi.

Kufika nyumbani hakuna kupumzika. Mama watoto ana sheria: kuku achambuliwe angali wa moto, maana akipoa nyama inang'ang'ania mfupa, na masaa 2 yasipite kabla hajaingia kwenye friji, la sivyo tutakula vijidudu. Anavaa mifuko ya plastiki mikononi, ile ya kufungia mikate, anakaa mbele ya sinia. Kwanza anavua ngozi. Ngozi! Ile ya kahawia iliyokauka, yenye pilipili manga, ambayo mimi ndiyo iliyonifanya nisimame mbele ya kioo robo saa nzima. Anasema ngozi ikilala kwenye friji inalegea. Sawa, basi nipe niile sasa hivi kabla haijalegea. Nikinyoosha mkono nakuta watoto wameshaimaliza, na paka anajilamba.

Halafu anaanza kuchana. Anachana kidari, anachana paja, anachana kipapatio, vyote anavivuruga kwenye sinia moja mpaka kuku wawili wazima wanageuka lundo la nyuzi, unadhani mtu kafumua sweta.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na naomba mnisikilize vizuri. Kuku ana vyeo. Kwetu mtoto alikuwa anajua amefika wapi katika maisha kwa kipande anachopewa. Unaanza na miguu, unaguguna kucha. Ukikua unapanda kipapatio. Ukifaulu darasa la saba unaonjeshwa mgongo. Siku ukiona umepewa paja, ujue baba anataka kukutuma mbali. Kidari cha mgeni. Na firigisi, hiyo haikuwa na mjadala, firigisi ilikaa juu ya sahani ya baba peke yake, na sote tuliitazama ikiingia mdomoni mpaka ikamezwa.

Mimi nimeguguna miguu miaka. Nimepanda ngazi yote ile. Nimeoa, nimezaa, nalipa ada, nanunua luku. Leo zamu yangu imefika, kuku analetwa hana firigisi! Nimewahi kumchungulia ndani yule wa kwenye kioo, nikaingiza na kidole. Kuna kipande cha limau. Limau, jamani, ndiyo cheo changu. Kichwa hakuna, miguu hakuna, shingo wameikata. Na hicho kidogo kilichobaki mama watoto kakifanya nyuzi, kwa hiyo mezani mimi nakula uzi, shemeji anakula uzi, mtoto wa chekechea anakula uzi. Ukiniuliza nimekula sehemu gani ya kuku, siwezi kukujibu. Shemeji hana kazi tangu mwaka juzi, na tunapakuliwa kijiko kilekile.

Turudi kwenye makopo. Tuna makopo ya plastiki yasiyo na idadi na vifuniko vyake vipo vingi tu, ila havijuani. Sitaki kulizungumzia zaidi.

Makopo ya Jumatatu na Jumanne yanakaa kwenye friji, ya Jumatano na Alhamisi yanatupwa kwenye friza, kwa sababu mama watoto kasoma kwamba kuku aliyepikwa anakaa siku 3 au 4 tu kwenye friji, na friji yenyewe isizidi nyuzi joto 4. Nyuzi 4! Friji yangu ina kitufe kimeandikwa 1 mpaka 7 na hakuna mahali kinaposema hizo ni namba za nini. Tumeweka 4, tukaona inatosha. Mifupa nayo haitupwi, inachemshwa na tangawizi, kitunguu na ndimu, tunakunywa supu Jumapili usiku. Supu yake, nisiwe mnafiki, ni nzuri. Ikipoa inaganda inatikisika. Hapo simlaumu mtu.

Jumatatu nayo inapita salama. Kuna nazi, kuna nyanya, nyuzi zinatiwa mwishoni kabisa, zinapata moto mpaka zinafuka, sufuria inaepuliwa. Ukizichemsha tena muda mrefu zinakuwa kamba, mtu anatafuna mpaka taarifa ya habari inaisha. Na chumvi usiguse, kule wameshaweka ya kutosha. Shemeji siku moja alijitolea kusaidia jikoni, akatia chumvi yake. Tulikunywa maji usiku kucha, na asubuhi akauliza mbona watu wamenuna.

Jumanne umeme ukakatika. Nikasema afadhali, leo kila kitu kiliwe kiishe. Kumbe sijui kitu. Mama watoto akasema friji ikikaa imefungwa inashika baridi kama masaa 4, kwa hiyo marufuku mtu yeyote kuifungua. Akavuta kiti akakaa mbele ya friji na tochi ya simu. Mtoto kaomba maji baridi, kanyimwa. Mimi niliomba nichungulie tu kama taa ya ndani imezimika, nikaambiwa nisimfanye mtoto. Nimekunywa maji ya vuguvugu kwenye nyumba yangu, na friji naitazama, na risiti yake ninayo.

Lakini moyoni nilikuwa nimetulia, kwa sababu Jumatano alikuwa anakuja mama mkwe.

Mama mkwe wangu anatoka Singida. Wa Dar es Salaam mnajua maana yake. Kuku wa kienyeji mnayemlipia bei ya kutisha huku mjini, mkamkuta mgumu, akachemka saa nzima na zaidi na mchuzi wake ukasikika nyumba ya tatu, mwenzenu huyo ndiyo nyumbani kwake. Huyu mama akija kwako humpi uzi. Mgeni anachinjiwa, anawekewa kidari, anakaribishwa kwa mikono miwili. Nikajisemea, leo karatasi ya kwenye friji itachanwa na mtu mwenye mamlaka.

Nikaenda kumpokea stendi ya Magufuli pale Mbezi. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hamjambo?" Na mkononi ana kikapu, ndani ya kikapu kuku jike mwekundu, mzima, kafungwa miguu, katembea karibu kilomita 700 na jicho halijapepesa. Nilikibeba kile kikapu kwa heshima. Nikaanza kuhesabu: firigisi moja, mapaja mawili.

Usiku tukakaa mezani. Tambi, na juu yake nyuzi. Mama mkwe akainamia sahani, akageuza kwa uma, akageuza tena.

"Mwanangu," akamwambia mama watoto, "huyu kuku mapaja yake yako wapi?"

Nikakohoa. Nikaweka uma chini ili nisikie vizuri.

"Yamo humohumo, mama."

"Na kidari?"

"Humohumo."

Akachukua kidogo, akatia mdomoni. Akanyamaza. Akachukua tena. Shemeji akaacha kula akimtazama, watoto wakimtazama, mimi nimeshaandaa maneno ya kumwombea mke wangu radhi. Mama mkwe akameza, akajifuta mdomo, akasema: "Sasa hiki ndicho chakula. Kule nyumbani kuku nilishawaachia wenye meno. Mimi nakunywa mchuzi tu, yaliyobaki ni ya kuhesabu." Akaongezewa. Akauliza kama kesho kipo kingine. Mama watoto akamwonyesha karatasi, akamsomea ratiba yote mpaka katlesi za Alhamisi, na yule mama akawa anaitikia kwa kichwa. Akamwambia binti yake amefanya akili sana, mwanamke anatoka kazini Posta, anashuka saa 2 usiku, aanze tena kuwasha jiko? Akasema hata mwanamume akiona hivyo lazima afurahi. Wote wakanigeukia. Nikafurahi.

Nikasubiri wamalize kula, nikauliza kwa adabu, je, yule wa kwenye kikapu tumchinje lini?

"Yule?" mama mkwe akashangaa. "Yule anataga, baba. Nimewaletea wajukuu mayai. Tena mumwangalie, akikosa pumba anasusa."

Mama mkwe amesogeza safari ya kurudi mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo kuku wa kwenye kioo sasa nanunua watatu. Yule mwekundu amefungwa kamba koridoni karibu na mtungi wa gesi, na hata yai hajataga, anasema mama mkwe ni uchovu wa safari. Jioni nikishuka kituoni napita dukani kuchukua pumba zake, kilo mbilimbili, maana za jana kazimwaga zote anatafuta sijui nini.