Jeni za diatomu: kompyuta peke yake inatosha?

Mwanafunzi wa Tengeru, Arusha, anaweza leo kupekua jeni za diatomu, mwani wa seli moja wa baharini ambao hajawahi kuuona. Jenomu (jeni zote kwa jumla) ya diatomu Thalassiosira pseudonana ilichapishwa mwaka 2004, ya Phaeodactylum tricornutum ikafuata 2008, na zote zimeachwa wazi mtandaoni. Ubishi uko hapa: kuzichambua kwa kompyuta tu ni utafiti uliokamilika, au ni kubahatisha kwa heshima?

Vinavyosakwa ni vimeng'enya vya kazi mbili zinazopingana: kutengeneza na kuvunja molekuli za kubeba ujumbe ndani ya seli. Kimeng'enya siklesi hutengeneza molekuli hizo, yaani AMP ya mviringo kutoka ATP, au GMP ya mviringo kutoka GTP (ATP na GTP ni molekuli za nishati za seli); kimeng'enya fosfodiesterasi huzivunja. Kiwango kikipanda au kushuka, seli inajua huko nje kumebadilika nini. Jambo hili ni zito, kwa sababu diatomu hufanya takriban moja ya tano ya usanisinuru wote duniani. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba T. pseudonana ikizungukwa na hewa ya ukaa nyingi huzipunguza kasi jeni za kujikusanyia kaboni, na AMP ya mviringo ikahusishwa na ujumbe huo.

Upande wa kompyuta una nguvu. Gharama yake ni bando na subira. Mfuatano wa herufi za jeni wenyewe huweza kukuonyesha protini moja iliyobeba siklesi na fosfodiesterasi kwa pamoja, mjenzi na mbomoaji chini ya paa moja. Diatomu Seminavis robusta inayo jeni ya aina hiyo. Ila kwamba jeni hiyo huamka seli inaponusa kemikali ya mwenza wake, hilo lilitoka kwa seli hai.

Hapo ndipo ninapoegemea upande wa pili. Jina lililobandikwa kwenye hifadhidata mara nyingi limeazimwa kwa ndugu wa mbali. Mwaka 1998 watafiti walibadilisha asidi amino mbili tu katika siklesi ya jicho iliyokuwa ikitengeneza GMP ya mviringo, ikaanza kutengeneza AMP ya mviringo. Mbili! Nani basi aape kwa kufanana kwa herufi? Vilevile siklesi moja ya mamalia huchochewa na bikaboneti. Kuitwisha diatomu tabia hiyo bila kipimo ni haraka mno.

Umbali wa bahari usiwe kisingizio. Kipande cha jeni kinachofanya kazi huweza kuwekwa ndani ya bakteria E. koli, protini ikasafishwa, ikapewa ATP na GTP, zao likapimwa. Hata kizuizi cha fosfodiesterasi kinachotumika sana maabara, IBMX, ni ndugu wa kafeini iliyomo kwenye kahawa ya Moshi. Kinachokwamisha ni vitendanishi vya kuagizwa nje, friji la nyuzi 80 chini ya sifuri, na umeme wa kuliendesha bila kukatika. Bajeti ya utafiti ianzie hapo, kompyuta tayari tunazo.